Mama Mkwe Kwenye Foleni ya Maharagwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Binti yetu Nekesa amepiga simu kutoka Kitale. Anamtaka mama yake! Si kwa siku mbili tatu. Ahamie kwake kabla hajajifungua, akae mpaka mtoto aweze kuketi mwenyewe. Nikamuuliza mke wangu Phelista mtoto huketi lini. Akasema inategemea mtoto. Inategemea mtoto! Yaani chakula changu cha jioni kimewekwa mikononi mwa mtu ambaye hajazaliwa.

Sikugomba. Mimi ni mtu mvumilivu. Nilifundisha jiografia hapa Bungoma mpaka nikastaafu na sikuwahi kumrushia mtoto chaki. Nilinywa chai yangu polepole nikifikiri. Kikombe kilipokaribia kwisha, nikapata. Mila!

Nieleze kidogo, ingawa najua najieleza mwenyewe. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Huyu akionekana njiani, yule anakata kona kwenye mahindi. Kiti alichokalia mmoja, mwenzake hakikalii. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini si Phelista. Siku ya harusi ya Nekesa alimtazama mkwe wake, Kiplangat, kupitia tundu la pazia la jikoni. Mpaka leo Kiplangat akipiga simu, Phelista husimama wima na kujifunika leso kichwani kabla ya kupokea. Kwa simu!

Sasa mtu wa namna hiyo atalalaje nyumbani kwa mkwe, kwenye nyumba yenye choo kimoja? Haiwezekani. Nikamkumbusha kwa upole. Akaenda kuchambua mboga. Nilimwonea huruma. Lakini mila sikuitunga mimi.

Nimeshinda bila jasho. Nililala usingizi wa mchana kama mtoto.

Jumanne, 5 Agosti

Sijashinda.

Nekesa amepiga tena. Amekaa na mumewe wamefikiria. Jumapili twende Kitale, sisi wanne tule na tuzungumze. Isiwe kwake, isiwe kwetu. Iwe mkahawani, mahali pasipo kwa mtu. Na mkahawa wenyewe? Wa mboga tupu! Tena bafe, kila mtu ajipakulie!

Mboga ni kwa sababu ya Kiplangat. Ni Msabato kutoka Kapsokwony na hali nyama. Kazi yake ni daktari wa mifugo. Amesomea ng'ombe chuo kikuu na hali ng'ombe! Siku nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mzee, si hao ni wagonjwa wangu?"  

Nikamwambia Nekesa kwamba mila hairuhusu. Akasema, "Baba, mkahawa ni wa watu wote. Mama akae meza yake, sisi yetu. Mila itakuwa iko na sisi tutakuwa tuko." Alipata wapi maneno haya? Kwangu, nadhani. Nilimsomesha vizuri mno.

Jioni nilivuka kwa jirani yangu Ubaid, muuza mbao. Yeye hupeleka mzigo Kitale kila mara na ameshakula kwenye hizo bafe. Nikamwomba anifafanulie. Akasema kuna meza ndefu, foleni moja, masufuria yamepangwa, na kila sufuria ina kijiko chake.

Kijiko kimoja?

Kimoja, Ubaid akasema. Huyu anashika, anapakua, anamwachia mwenzake.

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Mkwe akishika kijiko, kisha mama mkwe akakishika kikiwa bado na joto la kiganja chake, hiyo si ni kupeana mkono kwa kupitia kijiko? Ni kupeana mkono kabisa! Basi wakutane tu kwenye sufuria moja, mbele ya watu. Phelista ataona haya hata jina la Kitale asitake kulisikia. Nami sitakuwa nimekataza kitu. Kijiko ndicho kitakuwa kimekataza.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu kutoka kwa Kiplangat mwenyewe. Anataka kujua namna ya kumheshimu mama siku ya Jumapili asije akakosea. Ombi zuri. Nikamweleza. Salio lake likaisha, akaweka jingine, nikaendelea. Nilimweleza nani hukaa wapi na kwa nini. Nilimsimulia jinsi nyanya yangu alivyokutana na mkwe wake ghafla katika soko la Lwakhakha, akajifunika turubai la muuza vitunguu mpaka kijana akamaliza kununua jembe. Mwenye vitunguu naye akaendelea kuuza, kana kwamba yule nyanya ni gunia.

Kisha kijana akauliza, "Na huko kuepukana, Mzee, huwa kunaisha?"

Swali safi! Maisha yangu yote darasani, wanafunzi wanaouliza swali la pili ni wa kuhesabu kwa vidole. Nikamfungulia yote. Katika ukoo wetu kunaisha hivi: mkwe huja na blanketi na kuku aliye hai, humpakulia mama mkwe chakula kwa mkono wake mwenyewe, mama akapokea na kuonja, halafu baba wa msichana hutamka mbele ya watu kwamba leo mmesalimiana. Basi. Tangu hapo mama ni mama.

Akauliza kuku wa rangi gani. Nikasema yoyote, mradi awe na afya. Akasema hilo analiweza. Akauliza kama baba wa msichana anaweza kukataa kutamka. Nikasema anaweza, lakini atakuwa mtu mwenye roho ngumu sana. Tukacheka pamoja. Kijana msikivu kweli!

Kabla ya kuagana nilipenyeza lile langu. Nikamshauri Jumapili aanzie kwenye maharagwe, maana maharagwe huisha haraka. Akashukuru.

Ijumaa, 8 Agosti

Phelista ameamua kunifundisha kusonga ugali. Ati endapo. Endapo nini? Akasema endapo tu.

Nikakubali kwa heshima ya elimu. Maji yakachemka. Nikatia unga. Nikaanza kumweleza kwa nini maji huchemka mapema zaidi mahali palipoinuka kama Kapsokwony, na nilipomaliza maelezo, ugali ulikuwa umeshika sufuria na sufuria imeshika mwiko. Ubaid alikuwa anapita, akachungulia dirishani. "Mwalimu, hiyo ni ugali ama ni uji umekasirika?"

Sikumjibu. Kuna maswali yasiyo ya kielimu.

Tulikula mkate. Phelista akasema kama anayeongea na kikombe chake. Akienda, mimi nitakula nini? Asipoenda, yule mtoto atashikwa na nani siku ya kwanza? Aliwashika watoto wa dada zake wote. Huyu wa kwake mwenyewe ataonyeshwa kwa picha ya simu.

Nikamkumbusha mila. Akaafiki, akafuta macho, akasema ni moshi.

Tunapikia gesi.

Nimekuwa na kiungulia tangu hapo. Bila shaka ni mkate.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike yote kwa utaratibu.

Ubaid alitubeba kwa pikapu yake, akisema na yeye ana njaa ya kwenda Kitale. Mkahawa uko ghorofani, karibu na msikiti. Mwenye mkahawa ni Khairunisa, mama mchangamfu wa ushungi wa kijani. Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba hapa haiingii nyama, samaki wala yai. Nikasoma mara mbili nikitafuta mwanya.

Nekesa alitupokea. Tumbo limekua! Anatembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Alimkalisha mama yake meza ya nyuma ya nguzo, mgongo kwetu, leso mpaka kwenye nyusi. Kiplangat alikuwa upande wa pili, naye akitazama ukuta kwa adabu. Kati yao Nekesa alikwenda na kurudi akibeba salamu. Mama anauliza daktari ameamkaje. Daktari anasema ameamka vizuri, je, mama alisafiri salama? Mama anasema alisafiri salama. Mwenye mimba anatumwa hivyo! Nikageuza uso.

Niliketi, nikangoja. Watu wakapita na sahani. Nikazidi kungoja. Khairunisa akaja. "Mzee wangu, unangoja nani?"

Nikasema nangoja chakula.

"Wapi! Hapa chakula ndicho kinakungoja wewe."

Nilikuwa nimesahau. Nyumbani sahani huja yenyewe. Nimekaa na Phelista maisha yangu yote ya utu uzima na sijui hata upawa huning'inizwa wapi. Nikainuka na sahani mkononi, nikajihisi kama mwanafunzi mgeni bwenini. Kwenye pilau nikaona kipande cheusi, kinene. Nyama! Imewaponyoka! Nikakifunika na wali upesi, nikatazama huku na huku, nikakitafuna. Ilikuwa soya.

Turudi kwenye mpango. Nikamwendea Phelista, nikamnong'oneza kwamba aanzie kwenye maharagwe, njia ni nyeupe. Akainuka, uso chini kwenye leso. Upande wa pili Kiplangat alikuwa tayari ameshika kijiko cha maharagwe. Mtiifu yule! Alipomaliza kupakua, akageuka bila kutazama na kumpa kijiko mtu wa nyuma yake, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Phelista alikuwa ameshanyoosha mkono.

Wakashika kijiko kimoja, huyu huku, yule kule. Wakatazamana. Mke wangu akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu siku nyoka alipoingia ghalani. Sahani ikaanguka. Leso ikashuka usoni, naye akakimbilia msalani akipapasa ukuta. Kiplangat akarudi kinyumenyume mpaka akakalia bakuli la kachumbari.

Kazi imekamilika. Hata sikugusa kijiko.

Nekesa akaketi mbele yangu na kulia. Kimya kimya, machozi yakidondoka juu ya tumbo. Akasema, "Umeona, Baba? Mama hawezi kuja. Nitazaa peke yangu kama mtu asiye na kwao." Nikapeleka tonge la mboga za managu mdomoni. Managu ni machungu kwa asili, jambo linalojulikana, lakini haya yalizidi.

Hapo Kiplangat akatoka nje, suruali ikiwa na nyanya. Nikafikiri amekasirika. Kumbe! Akarudi na blanketi jekundu jipya begani na kuku mweupe kwapani!

Khairunisa akaruka. "Daktari! Hapa haiingii nyama!"

"Mama, hii si nyama," Kiplangat akasema kwa upole. "Ni kuku."

Mkahawa mzima ukachangamka. Mmoja akasema kuku ni nyama inayotembea. Ubaid, akiwa na sahani yake ya tatu, akasema, "Ata mimi niko na nyama mwilini na nimeingia, bana!" Wakaniomba mimi, kama mzee, niamue. Nilieleza kwamba mahindi shambani hayajawa ugali, na vivyo hivyo kuku anayepumua hajawa kitoweo. Kwa nini niliwaamulia vizuri hivyo? Waliniuliza swali! Khairunisa akafikiri. "Sawa, akae. Lakini akitaga humu, yai anatoka nalo."

Nekesa alikuwa ameshamtoa mama yake msalani. Kiplangat akatandika blanketi kwenye kiti. Kuku akampa Nekesa, Nekesa akampa mama. Kiplangat akachukua sahani safi, akapakua maharagwe kwa kijiko kilekile, akaongeza kunde na chapati, akapiga goti moja na kuinua sahani kwa mikono miwili. Hakusahau hata kipengele kimoja. Mwanafunzi bora niliyewahi kuwa naye, na nilimfundisha kwa salio lake!

Phelista akamkabidhi Ubaid kuku. Kisha hakunyoosha mkono. Akanitazama mimi, kwa jicho moja lililobaki nje ya leso. Nekesa akanitazama. Kiplangat, goti chini, akanitazama. Hata yule kuku, naapa.

Nikasafisha koo. Nikasema kwamba kabla sijatamka lolote ni vyema tuelewe chanzo cha heshima hii, hasa tukianzia enzi wazee wetu walipokuwa wakishuka kutoka Mlima Elgon...

"Mwalimu," Phelista akasema. "Kengele imelia."

Nikasimama pale. Mkono wake ulikuwa umeanza kuinuka kuelekea ile sahani, ukaishia njiani, ukining'inia.  Naujua mkono ule. Nikaona kwamba nikinyamaza, utarudi chini. Utarudi nyumbani nami, utanisongea ugali mzuri, wala hautasema kitu. Nami nitaula.

Nikatamka. "Leo mmesalimiana."

Akapokea. Akaonja. Akaiweka sahani, akaifungua leso, akamshika mkwe wake mkono kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, kumbe una mikono baridi hivi?"

"Ni woga, mama."

Watu wakapiga makofi. Khairunisa akapiga vigelegele, kuku akajibu.

Baadaye Phelista alikuja meza yetu, akaona pilau langu limepoa na sijui la kuongeza.  Alichukua sahani, akaenda kwenye foleni, akarudi na githeri ya mahindi na maharagwe, kunde na chapati mbili. Akaketi, akaanza kuniondolea vitunguu kimoja kimoja, maana anajua sivipendi vikiwa vibichi. Nikala mpaka nikafungua kifungo. Chakula kitamu hata bila nyama, ingawa daktari hatalisikia hilo kutoka kwangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Uchunguzi umefanyika nyumbani.

Phelista aliuliza nani alimfundisha Kiplangat habari ya blanketi. Mimi. Na ya kuku? Mimi. Na nani alimwambia aanzie kwenye maharagwe? Nikachukua gazeti. Akaliondoa. Na yeye mwenyewe, nani alimwambia njia ni nyeupe?

Aliunganisha ramani yote mbele yangu. Nikangoja kelele. Akaanza kucheka! Akacheka mpaka akaketi kwenye kizingiti, akijipigapiga goti. "Kwa hivyo ulichimba shimo, halafu ukampa kijana ngazi!"

Nikamwambia sikuona uhusiano.

Akafuta macho. Akauliza kwa nini sikusema tu kwamba nitamkosa. Nikajibu ilikuwa ni suala la mila.

"Mila iliisha jana, Mwalimu. Jaribu tena."

Nikaanza na pepo za Ziwa Viktoria na namna zinavyoleta mvua ya alasiri kwetu. Akangoja. Ana subira kuliko mimi, mama huyu. Mwishowe pepo zikaniishia. Nikasema ugali bila yeye haushiki.

Akasema hiyo imetosha. Anaondoka mwisho wa Septemba.

Alhamisi, 14 Agosti

Phelista ameenda Kitale leo, kumsindikiza Nekesa kliniki. Atarudi jioni. Nyumba ni kimya mno. Nimekula ndizi, na baadaye ndizi.

Lakini kimya huzaa mawazo. Nina mpango mpya! Ule wa kwanza uliharibiwa na vitu vingi: vijiko, sahani, watu, kuku. Huu unahitaji mtu mmoja tu, yaani mimi, na mgongo wangu. Siku moja kabla ya safari, mgongo utakatika. Nitalala chali. Sitalalamika, nitapumua tu kwa shida. Phelista hawezi kumwacha mgonjwa. Ataahirisha wiki moja, na nyingine. Tukifika hapo Nekesa atakuja kujifungulia huku Bungoma, hospitali zipo, na mjukuu ataketi mwenyewe sebuleni kwangu. Kila mtu atafurahi. Hata sioni kama huu ni ujanja. Ni mipango ya familia.

Tatizo ni dalili. Sijawahi kuumwa mgongo. Nikampigia Kiplangat. Ng'ombe au mtu, mgongo ni mgongo. Ilinibidi nimweleze mpango wote tangu mwanzo, la sivyo angenipa ushauri nusu. Aliuliza maswali ya maana sana. Siku gani hasa? Upande upi? Nani mwingine anajua? Nikamjibu yote kwa ufasaha. Akaniomba nirudie polepole ile sehemu ya kupumua kwa shida, tena kwa sauti, kwa sababu mtandao ulikuwa mbaya. Nikarudia, na nikampumulia kidogo kama mfano.

Kule nyuma yake nikasikia wanawake wawili wakicheka mpaka wanakohoa. Daktari akasema ni televisheni.

Nikamwambia aizime upesi. Jambo lenyewe ni la siri.